Gari Limeinuliwa, Tairi Bado Linagusa

Huku Mombasa magari ya fo-bai-fo yamekuwa mengi, na karibu kila anayenunua huanza na jambo lile lile: kuliinua. Anafunga springi ndefu, anavalisha matairi makubwa, anatoka gereji roho kwatu. Kona ya kwanza tu, anasikia mpira ukisugua plastiki. Jioni simu yangu inalia: "Ami, gari limeinuliwa inchi mbili nzima, mbona tairi lagusa bampa?"

Linagusa kwa sababu bampa liko mbele ya tairi. Ukiinua gari, bodi inapanda na bampa linapanda nayo, lakini halisogei mbele hata milimita moja. Gari likiwa limetulia, kona ya chini ya bampa huliachia tairi kidogo kwa vile imepanda; springi zikijibana, kona inarudi pale pale. Nyuma ya tairi, kwenye mauntini ya bodi, yaani bano la chesisi linaloshika bodi, mambo ni hayo hayo. Ukiongeza kipenyo cha tairi umekula nafasi ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na springi haiwezi kukurudishia nafasi hiyo.

Lakini hasa kinachowapoteza watu ni gari lililoegeshwa. Unaingiza ngumi kati ya tairi na madigadi, unaona nafasi tele, unaridhika. Sasa vuka tuta kwa kasi, au gurudumu moja litumbukie shimoni huku jingine likipanda ukingo. Springi hujibana na tairi hupanda mpaka ekseli, au mkono wa chini unaolishika gurudumu, ugonge stopa, yaani kile kipande cha raba kinachozuia chuma kisipige chuma. Springi ndefu hubadilisha mahali gari linapopumzika. Mahali tairi linapoishia likipanda huamuliwa na stopa, na stopa ni ile ile gari lilikuja nayo kutoka Japani. Kwa hivyo tairi kubwa likifika juu kabisa linakutana na bati lile lile, na inchi zako mbili hazipo tena.

Nitatumia mfano wa Prado ya 120, ile iliyotengenezwa tangu 2002 hadi 2009, kwa kuwa ndiyo ninayoiendesha na ndiyo iliyojaa barabarani huku Pwani. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 265/70R17 linafika 803. La 285/70R17, ambalo vijana huliita thati-thrii, yaani inchi 33, linafika 831. Kutoka la kwanza hadi la mwisho ni kama milimita 54, na nusu yake, 27, ndiyo inayoongezeka kila upande kutoka kitovuni: 27 kuelekea bampa, 27 kuelekea mauntini, 27 kuelekea juu. Upana nao, ile namba ya kwanza, umeongezeka milimita 20. Na hizo ni hesabu za karatasi. Tairi la matope lenye meno yanayoshuka hadi ubavuni huwa pana kuliko la lami lenye namba ile ile, kwa hivyo pima tairi lenyewe likiwa limefungwa kwenye rimu na limejazwa upepo.

Kazi ya kwanza basi ni kujua linagusa wapi. Masikio hayatoshi, kwa sababu sauti ndani ya madigadi hupiga mwangwi na utaapa ni bampa kumbe ni mauntini. Mimi hutumia chaki. Paka mabega yote mawili ya tairi, la ndani na la nje, mzunguko mzima, bila kubania chaki. Peleka gari uwanjani, kata usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, ukienda mbele na ukirudi nyuma, na ukanyage breki njiani. Breki ni muhimu: ukifunga ukienda mbele, bushi, zile raba za maungio, zinajikunja na gurudumu linasukumwa nyuma kidogo, ukifunga ukirudi nyuma, linasukumwa mbele. Kisha shuka na tochi, ingiza kichwa ndani ya madigadi. Utaona mstari mweupe kwenye plastiki, labda wenye urefu wa kidole, au nukta tu kwenye ncha ya boliti ya bampa. Rudi kwenye tairi uangalie chaki imefutika bega lipi. Alama hizo mbili zikikutana umepata mahali, na unajua kama ni upande wa ndani au wa nje wa tairi. Dawa ya upande mmoja huwa sumu kwa upande wa pili.

Halafu kuna jaribio ambalo gereji nyingi huliruka kwa sababu linakula nusu siku. Chesisi inawekwa juu ya stendi imara, wala si jeki peke yake. Springi na shokabzoba za mbele zinatolewa, stabilaiza, ile rodi inayozuia gari kulala kwenye kona, inafunguliwa, tairi linarudishwa, kisha gurudumu linainuliwa kwa jeki mpaka stopa igonge. Hapo ndipo unapozungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, mtu mmoja akiangalia kwa tochi. Hutahitaji kubahatisha tena. Unaona kwa macho tairi linapopita na linapokwama. Fundi ninayemwendea huko Kisauni hakubali kukata chochote kabla ya jaribio hili. Nilikuwepo siku mteja mmoja alipomkazania akate tu, maana ana safari kesho. Fundi akamjibu kwa upole, "Ndugu yangu, bati nikishalikata silirudishi. Niatia gari hata alasiri, 'takuonyesha pahali." Mteja akaliacha, na ilipofika alasiri kumbe kilichohitaji kukatwa kilikuwa ukingo wa plastiki, bati halikuguswa.

Mahali pakishajulikana, anza na dawa isiyokata kitu. Kwenye Prado, mkono wa chini umefungwa kwenye chesisi kwa boliti zenye kemu, yaani kisahani ambacho tundu lake haliko katikati. Ukizizungusha, gurudumu zima husogea mbele au nyuma milimita kadhaa. Gari likiinuliwa kasta, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hukunjia, hupungua, na dereva huihisi kwenye usukani: mwepesi, unaotangatanga barabara kuu, usiorudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Ukirudisha kasta kwa boliti hizo, gurudumu linakwenda mbele. Linaachana na mauntini ya bodi, na linakaribia bampa. Mabadilishano hayo nayakubali kila mara, kwa sababu upande wa bampa ni plastiki na upande wa mauntini ni chuma kinachobeba bodi. Mweleze mtu wa alaimenti mapema unachotaka. Wengi wakiona namba zimeingia kwenye rangi ya kijani wanakurudishia funguo. Mwombe akupe kasta kubwa kadiri inavyowezekana, kulia na kushoto zilingane, huku kemba (gurudumu kulala ndani au nje) na too (matairi kuelekeana kwa mbele) zikibaki mahali pake. Zikikataa kufika, kuna mikono ya juu ya kununua ambayo huirudisha nyuma bolijointi, ile jointi ya mpira wa chuma ambayo gurudumu hukunjia, na hiyo hurejesha kasta bila kulisukuma gurudumu mbele sana.

Huku kwetu boliti hizo zina ugonjwa wake. Hewa ya bahari huingia kati ya boliti na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, kutu inavishika, na baada ya miaka vinakuwa kitu kimoja. Gari lililolala karibu na ufuo, Nyali, Shanzu au Mtwapa, lipeleke ukijua hivyo. Boliti zipuliziwe mafuta ya kutu mapema, na uwe umeshatafuta boliti mpya na bushi zake kabla ya siku ya kazi, kwa sababu zikikataa zitakatwa na grainda na gari halitatoka bila mpya. Zinaporudishwa, zipakwe griisi mwili mzima. Ningependa kila gereji ya Pwani ifanye hivyo bila kuombwa.

Dawa ambayo watu huikimbilia ni speisa, yaani kisahani cha chuma kinachowekwa kati ya rimu na habu, au rimu zinazotoka nje. Zinapendeza, sikatai. Lakini fikiria mlango: ukingo ulio mbali na bawaba ndio unaopiga duara kubwa. Tairi nalo hukunja likizunguka mhimili wa bolijointi, na kadiri unavyolisogeza nje ndivyo bega lake la nje linavyofagia eneo kubwa zaidi, mbele kwenye kona ya bampa na nyuma kwenye ukingo wa madigadi. Rimu yenye ofseti ya +30, yaani uso unaofungwa kwenye habu uko milimita 30 nje ya katikati ya rimu, ukiitilia speisa ya milimita 30 imekuwa 0, na tairi lililokuwa likipita bampa kwa unywele sasa linalikwaruza kila ukiegesha. Speisa ina kazi yake pale tairi linapogusa ndani: mkono wa juu, stabilaiza, au shokabzoba. Hapo tumia nyembamba inayotosha, iliyochongwa kukaa sawasawa kwenye habu, na nati zikazwe upya baada ya mwendo wa kwanza. Ukinunua rimu, chagua ofseti iliyo karibu na ya kiwandani na uende nje kidogo tu. Kwa jinsi ninavyoona, nusu ya magari yaliyokatwa madigadi hapa mjini yalikatwa kuhudumia rimu, wala si ukubwa wa tairi.

Tukifika kwenye kukata, plastiki kwanza. Kile kifuniko cha ndani ya madigadi mara nyingi hakihitaji hata kukatwa: fungua klipu zake, kipashe moto, kisukume mbele, ukifunge upya kwa skrubu. Bampa lenyewe livuliwe kabla ya kukatwa. Nyuma ya kona yake kuna nyaya za taa za ukungu, kuna mabano ya chuma, na magari mengine yana tangi la maji ya waipa hapo hapo. Bandika utepe wa karatasi, chora mstari ukifuata duara la tairi kwa umbali wa vidole viwili, kisha sogea nyuma mita tatu uutazame ukilinganisha na upande wa pili. Jicho huona kombo ambayo rula haikuionyesha. Kata ukiacha milimita chache nje ya mstari, umalizie kwa msasa mpaka ukingo ulainike. Plastiki iliyoachwa na meno hupasuka baadaye, ufa ukaanza pale pale. Ukimaliza, mtu asiyelijua gari lako asitambue kwamba bampa limekatwa. Kazi iliyotulia inawezekana kabisa, na tuidai.

Bati ni habari nyingine. Ndani ya madigadi, kwa nyuma, kuna mshono ambapo bati mbili zimekutana. Mshono huu haukatwi. Hulazwa kwa nyundo, taratibu, ukilala kuelekea nyuma, kisha hufungwa kwa silanti na kupakwa rangi. Nasisitiza rangi kwa sababu ya mji tunaoishi. Bati lililochubuliwa asubuhi hapa Mombasa, kwa chumvi na unyevu wetu, siku chache tu lishaanza kuwa la hudhurungi, na kutu ya kwenye mshono hutembea ndani usikoiona. Primaa ipakwe siku ile ile, halafu rangi, halafu undasili, ile rangi nzito ya kukinga chini ya gari. Kabla ya masika, rudi chini ya gari uangalie.

Mauntini ya bodi ndiyo ya mwisho, na kwa tairi la 285/70R17 kwenye Prado hii mara nyingi huwezi kuikwepa. Ni bano la chuma lililochomelewa kwenye chesisi nyuma ya tairi la mbele, na kinachogusa ni kona yake ya mbele. Kona hiyo hukatwa, kisha sahani ya chuma inachomelewa kufunga mdomo ulioachwa wazi. Sahani ndiyo inayorudisha nguvu. Nimeona magari yamekatwa yakaachwa wazi hivyo hivyo, na hilo silikubali hata kidogo, maana bano hilo linashika bodi ambamo familia yako imekaa. Kabla ya kuchomelea, waya hasi wa betri utolewe, bushi ya raba iliyo ndani ya mauntini ikingwe kwa matambara yaliyolowa, na nyaya na mabomba ya breki yaliyo karibu yasogezwe. Mtafute mtu anayechomelea chesisi kila siku. Anayetengeneza mageti, hata awe hodari vipi, si wa kazi hii.

Yote niliyosema ni ya gari lenye sasipensheni huru mbele. Jimny ni kiumbe kingine, maana ina ekseli nzima mbele na nyuma, na kila ekseli imeshikwa isiyumbe kando kwa rodi ya Panhard. Rodi hiyo imefungwa chesisi upande mmoja na ekseli upande wa pili, kwa hivyo ukiinua gari ekseli husogea upande mmoja milimita kadhaa. Kijana mmoja wa Likoni alinijia na Jimny ya umbo jipya, lile lililotoka 2018, limevalishwa 235/75R15 badala ya 195/80R15 ya kiwandani. Malalamiko yake: lagusa kushoto tu, kulia halina neno. Alikuwa ameshaambiwa kwingine bampa likatwe pande zote mbili. Tulining'iniza timazi kutoka ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, tukapima hadi ubavu wa tairi. Pande hazikulingana. Akafunga rodi ya Panhard inayorekebishika, ekseli ikarudi katikati, na kuligusa bampa kukaisha kwa plastiki ndogo sana kuondolewa.

Ila hapo tukaona jingine: usukani ukikatwa mpaka mwisho, bega la ndani lilikuwa linalamba ule mkono mrefu unaoishika ekseli ya mbele. Speisa ingelitoa pale na kulirudisha kwenye bampa. Tukatumia boliti ya kikomo cha usukani, tukaitoa nje kidogo. Gari linahitaji nafasi zaidi kidogo kugeuka, na kwa mtu wa vichochoro vya mjini hilo atalisikia, lakini tairi haligusi kitu. Na kasta, kwa ekseli nzima, haisahihishwi kwa boliti za kemu. Ni bushi maalumu, au mabano yanayoshusha ile mikono. Asubuhi yake alilijaribu pale feri, kwenye mwinamo wa kupandia, gurudumu moja juu na usukani umekunjwa. Kimya.

Kuhusu kupanda juu, ikiwa jaribio la bila springi limeonyesha tairi linapiga bati, jibu sahihi ni stopa ndefu zaidi, au kuishusha ile iliyopo kwa kipande cha chuma. Unapoteza sehemu ya mwendo wa sasipensheni, na wapenda mawe hawapendi kusikia hivyo. Lakini kwa gari linalobeba watu saba na mizigo, nafuu stopa ipokee pigo kuliko madigadi. Jaribu gari likiwa na mzigo. Na kama una desturi ya kushusha upepo hadi psi 18 hivi kwenye mchanga, jaribu na upepo ukiwa chini, kwa sababu ubavu wa tairi hutanuka na nafasi ya ndani hupungua.

Wengine wataniuliza kwa nini wasifunge bampa la chuma na kumaliza kesi. Bampa la chuma lililokatwa kona juu kweli hulipa tairi nafasi, na gari hukabili ukingo mkali bila kugonga pua. Lakini ni zito, winchi ni uzito juu ya uzito, na uzito huo wote uko mbele ya ekseli. Springi zilizoinua gari zitashuka tena, na tairi litakaribia madigadi kwa njia nyingine. Ukifunga, chagua springi za uzito huo, na alaimenti ifanywe baada ya bampa kufungwa. Magari ya Rhino Charge, mashindano yanayofanyika tangu 1989 kuchangia uhifadhi, utayaona yamekatwa madigadi hadi hayana umbo, na ni haki yao. Yamejengwa kwa kazi hiyo na huletwa juu ya lori. Gari la kumpeleka mtoto shule Jumatatu lina mahitaji mengine.

Kwa mtu wa Pwani ninapendekeza 265/70R17, kuinua kusikozidi inchi mbili, na kasta iliyosahihishwa. Barabara za Shimba Hills baada ya mvua, za Kinango, hata kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, hazijanidai zaidi ya hapo, na mara nyingi hutakata chochote zaidi ya plastiki. Ukipita inchi mbili na nusu, ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali, buti zake, zile raba zinazofunika jointi, zinapasuka, griisi inatapakaa ndani ya rimu. Na ukivaa 285/70R17 mahali pa 265/65R17, kila mzunguko wa tairi unakupeleka asilimia 7 mbali zaidi: kipimo kikisoma 100, wewe uko karibu 107, na kamera za barabarani zinahesabu mwendo wako halisi.

Imebaki spea. Prado hii huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na difu ya katikati huumia ukifunga tairi moja la kipenyo tofauti ukaenda nalo mbali, kwa hivyo spea iwe ya ukubwa ule ule. Kwa magari yanayobeba spea mlango wa nyuma, tairi kubwa huketi chini zaidi na huweza kulikandamiza bampa la nyuma, huku bawaba za mlango zikibeba uzito ambao hazikupangiwa. Funga mlango, ingiza kidole kati ya tairi na bampa. Kisipopita, kibebeo cha spea kipandishwe kabla hujalipa fundi.